Jicho Lisilouma

Katika miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu huko Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa pesa za Norway kilikuwa kimefanya kazi muda mfupi tu kikasimama, lakini akina mama waliendelea kuanika ngege juani kama zamani. Inzi walijaa. Trakoma ilikuwa ugonjwa wa kila boma, na tyubu ya tetrasaiklini tuliizoea kuliko dawa nyingine yoyote. Jicho gonjwa kwetu lilikuwa lile jekundu, lenye tongo, linalomliza mtoto.

Binti wa jirani yangu hakulia. Hakuwa ametimiza miaka miwili. Usiku, mamake akimsogezea koroboi, mboni ya kushoto iling'aa nyeupe kama ya paka. Mchana huoni kitu. "Halimuumi, mwalimu," aliniambia, na sote tukatulia. Bakuli la uji likiwekwa kushoto kwake, mtoto aligeuza kichwa kizima ndipo alione.

Baadaye jicho likaingia makengeza, kisha likaanza kutokeza nje. Zahanati moja ikampa tyubu ile ile. Nauli ya lori hadi Kitale ilipopatikana, na safari ya Nairobi kufuata, saratani ilikuwa imepita kwenye neva ya jicho hadi ubongoni. Walimrudisha nyumbani. Tulimzika sisi wenyewe, karibu na boma la babu yake.

Ugonjwa huo ni retinoblastoma, uvimbe wa retina unaowapata hasa watoto wa chini ya miaka mitano. Hautokani na inzi wala laana: chanzo chake ni hitilafu katika jeni ya RB1, ambayo mara nyingine hurithiwa, kwa hiyo ndugu wa mgonjwa nao wapimwe. Ukikutwa ungali ndani ya jicho, watoto wengi hupona, hata ikibidi jicho liondolewe. Katika nchi tajiri wanaopona ni zaidi ya 95 kwa kila 100. Kinachotuua huku ni umbali, na ule utulivu wetu kwa kuwa mtoto haumwi.

Wazazi wa Kalokol, Kakuma na Lodwar, mkiona weupe ndani ya mboni, au makengeza yaliyoanza ghafla, msingoje maumivu. Mpelekeni mtoto hospitali ya Lodwar wiki hiyo hiyo. Mkipewa tyubu tu, semeni waziwazi kwamba mboni ni nyeupe, na mwombe barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa macho.