Kakati wa Milima ya Franklin

Akina mama wenzangu, tukiona mmea mzuri safarini mkono hautulii. Twataka chipukizi la kupanda nyumbani. Ndivyo nilivyotamani katika Milima ya Franklin, huko El Paso, Texas.

Katika nyufa za mawe ya chokaa, pasipo udongo wa kujaza hata kikombe, huota kakati mdogo uitwao Sneed, jamii moja na mpungate. Vishina vyake, vifupi kama vidole, husongamana, pengine zaidi ya mia kwa fungu moja, na miiba yake ni myeupe kama pamba.

Wapenda mimea waliung'oa mno, na makazi yake yakaharibiwa. Mwaka 1979 serikali ya Marekani iliuweka kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Kumbe hata wanaoupenda walikuwa wakiumaliza! Nikaridhika na picha.