Padri Aoe, au Aliyeoa Awe Padri?

Kaa kijiweni pale Karatu mjini, agiza chai ya maziwa na chapati, kisha uliza kwa sauti: hivi mapadri waruhusiwe kuoa au wabaki walivyo? Nakuhakikishia habari za Simba na Yanga zitasimama kwa muda. Huyu atasema bila useja hakuna upadri. Yule atasema mapadri nao ni binadamu, wana damu kama sisi. Na kabla chai haijapoa, mtu atakuwa ameshataja jina la Dk. Willibrod Slaa.

Atakosaje kutajwa? Slaa alikuwa padri wa Jimbo la Mbulu, jimbo ambalo kikanisa ndilo linaloishika Karatu. Alikuwa msomi wa sheria za Kanisa, akafika hadi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Baadaye akaacha upadri, akaingia kwenye siasa na kuwa na familia. Mwaka 1995 jina lake lilipokwama CCM, akagombea ubunge kwa tiketi ya CHADEMA na Karatu ikampa. Ikampa tena 2000. Ikampa tena 2005. Mwaka 2010 akagombea urais na kushika nafasi ya pili nyuma ya Jakaya Kikwete, na katika kampeni zile maisha yake ya ndoa yakageuzwa mada. Kiti chake cha Karatu nacho kikaenda kwa Mchungaji Israel Natse. Yaani wananchi wale wale wamewakilishwa bungeni na mtu aliyeacha upadri, kisha na mchungaji.

Sisemi kwamba watu wa Karatu walikuwa wanapiga kura juu ya useja. La hasha. Walikuwa wanatafuta mbunge. Lakini nadhani kuna jambo la kujifunza hapo. Wakatoliki wengi wa Karatu, wanaosali rozari na kupeleka watoto Komunyo ya kwanza, hawakumwona mtu aliyetoka upadri kuwa ni mtu wa laana. Walimpima kwa kazi. Kwa hiyo tukisema "Mwafrika hawezi kumwelewa padri aliyeoa", tuangalie kwanza Mwafrika gani tunamsemea.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, maana naona huwa tunachanganya maswali mawili. Swali la kwanza: padri aliyekwisha kupadrishwa, aruhusiwe kuoa? Swali la pili: mwanamume aliyekwisha kuoa, aruhusiwe kupadrishwa? Kijiweni tunayabeba kwenye gunia moja. Katika historia ya Kanisa ni maswali tofauti kabisa.

Mtume Petro alikuwa na mama mkwe, Injili inasema hivyo wazi. Barua ya kwanza kwa Timotheo inataka askofu awe mume wa mke mmoja. Kwa karne nyingi palikuwa na mapadri wenye wake, ingawa sauti za kuwataka wajizuie zilikuwepo tangu zamani. Sheria ikakazwa Magharibi hasa katika karne ya 12, na Mtaguso wa Pili wa Laterani mwaka 1139 ukatamka kwamba ndoa inayofungwa na padri si ndoa. Upande wa Mashariki mambo yakabaki vingine. Mpaka leo kuna Wakatoliki, tena wanaomtii Papa kama wewe na mimi, kwa mfano wa Kanisa la Kigiriki-Katoliki la Ukraine, ambao mapadri wao wengi wana wake na watoto. Ila nao wana mpaka wao: unaoa kwanza, ndipo unapadrishwa. Ukishapadrishwa, huoi tena. Na askofu huchaguliwa kutoka kwa wasiooa.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza, hata Mashariki, ni hapana. Jibu la swali la pili huko ni ndiyo. Useja kwa mapadri ni sheria ya Kanisa la Kilatini. Haumo katika Amri Kumi. Kanisa lenyewe linakiri hilo, na limewahi kulegeza: wapo wachungaji wa Kianglikana wenye wake waliohamia Ukatoliki na wakapadrishwa kwa ruhusa ya Roma.

Swali hili la pili halikunijia nikiwa Karatu. Lilinijia nilipopita lango na kupanda kwenda Ngorongoro.

Watalii wanajua kreta. Wanashuka, wanapiga picha simba na faru, wanapanda, wanarudi hotelini. Lakini juu ya ukingo na nyuma yake kuna watu wanaishi, Wamasai wafugaji, boma hapa na boma kule, na katikati ni nyasi na upepo. Upande wa Endulen Kanisa Katoliki lina hospitali na lina parokia, na parokia ya namna hiyo ina vigango vilivyotawanyika kwa umbali ambao mtu wa Sinza hawezi kuukisia. Mvua ikinyesha, gari halipiti. Nimefika huko kikazi, nikitafuta habari za mifugo na ardhi, na Jumapili nikaenda kusali kwenye kigango. Padri hakuwepo, na hakuna aliyeshangaa. Alikuwepo katekista.

Mnawajua makatekista? Ndiye anayefundisha watoto, anayesoma neno, anayeongoza ibada, anayezika, anayesuluhisha mume na mke waliogombana usiku. Ana mke, ana watoto, ana ng'ombe zake. Posho yake usiiulize. Kila Jumapili yuko pale, mvua au jua. Ana kila kitu ambacho watu wanakitafuta kwa mchungaji wa roho, isipokuwa kimoja: hawezi kuadhimisha Misa. Na Kanisa letu linafundisha kwamba Ekaristi ndiyo chemchemi na kilele cha maisha yote ya Mkristo. Basi mnieleze, kilele gani hiki ambacho bibi wa boma la mbali anakifikia mara chache kwa mwaka, padri akipata gari na barabara ikikubali?

Ukimwambia Mmasai kwamba kiongozi wa ibada hana boma lake, atakusikiliza kwa heshima, lakini kwake uzee unaendana na kuoa na kusimamisha nyumba. Tukitafuta mtu ambaye jamii ile inamtambua kuwa mzee, tutampata kati ya wenye familia.

Hili si wazo la wahuni wa mjini. Oktoba 2019, Sinodi ya Maaskofu kuhusu Amazonia ilipiga kura mjini Vatikani juu ya pendekezo la kuwapadrisha wanaume wenye familia na wanaoheshimika, kwa ajili ya maeneo ya mbali yanayokosa Misa. Kura za ndiyo zilikuwa 128, za hapana 41. Februari 2020 Papa Fransisko akatoa waraka wake juu ya Amazonia na hakulichukua pendekezo lile. Mlango haukufunguliwa. Lakini maaskofu wengi kiasi kile walikuwa wamebisha hodi.

Najua mtakayonijibu. Kwanza, seminari kuu zetu, Kipalapala, Segerea, Kibosho, hazilii njaa ya waseminari kama Ulaya. Kweli. Lakini kuwa na waseminari ni jambo moja, na padri kukifikia kigango cha mbali kila Jumapili ni jambo jingine. Pili, nani atamlisha mke na watoto wa padri? Hoja nzito, na Walutheri wa Karatu wanaweza kutusimulia habari za mchungaji anayehamishwa huku watoto wako shule. Ila katekista tayari ana familia na tayari anailisha kwa mikono yake. Hajaomba mshahara wa askofu. Tatu, wazee wengi wanaoheshimika Umasaini wana wake zaidi ya mmoja, na barua kwa Timotheo inasema mke mmoja. Hapo nakubali, uwanja unapungua. Haujaisha.

Hoja ya nne ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote: padri asiye na mke ni wa wote. Hana mkwe wa kumpendelea, hana shamba la kuwarithisha wanawe. Katika nchi yenye koo na makabila mengi, hiyo ni zawadi kubwa. Siitaki ipotee. Mwenye kipaji cha useja na aishi nao kwa furaha, na watawa na nadhiri zao wabaki walivyo. Ninachopinga ni kuufanya useja kuwa lango pekee.

Tatizo letu Afrika ni kwamba mjadala huu tunausubiri uje na kashfa. Tuliuongea Askofu Mkuu Emmanuel Milingo wa Zambia alipofunga ndoa New York mwaka 2001. Tukauongea tena mwaka 2013, Padri Anthony Musaala wa Kampala alipoandika barua kuhusu mapadri wenye watoto wa siri na kusimamishwa huduma. Kila mara tunacheka, tunashika vichwa, tunasahau. Na wanaobaki na mzigo ni mama aliyeambiwa anyamaze na mtoto asiyejua aite nani baba. Hawa kupadrisha wazee wenye wake hakutawasaidia, tusidanganyane. Wao wanahitaji haki, na haki hiyo haingoji sheria ya useja ibadilishwe.

Msimamo wangu basi ni huu. Padri aliyeahidi useja akashindwa, aondoke kwa heshima, apewe ruhusa bila kudhalilishwa, na Karatu imeonyesha kwamba watu wanaweza kuendelea kumheshimu. Lakini yule katekista wa Ngorongoro hajavunja ahadi yoyote. Ameoa kanisani, amelea watoto, ameshika kigango miaka na miaka. Maaskofu wetu siku moja waende Roma na jina lake mkononi, waulize kwa unyenyekevu: huyu naye anakosa nini?

Tafakarini.