Nilimgombeza mwanangu, kumbe kosa lilikuwa langu

Alhamisi hiyo nilishuka kwenye kivuko upande wa Kamanga saa kumi na mbili jioni, nimechoka, mkononi nina mfuko wa vikombe 32 vya plastiki. Vilikuwa vya mahafali ya chekechea anakosoma binti yangu wa mwisho. Mwalimu alitaka kila mtoto apate kikombe chenye jina lake, na mimi, kwa kujua kwamba nyumbani tuna plota, nikajitolea. Mahafali yalikuwa Jumamosi.

Plota ni ile mashine ya kukata stika. Ya kwetu ni ndogo, inakaa mezani, na tuliinunua ikiwa imeshatumika. Mwanangu wa kiume, aliyemaliza kidato cha nne na anayesubiri matokeo, ndiye anayeipenda. Ameshakata majina ya bajaji, namba za milango na majina ya madaftari ya wadogo zake. Si biashara. Ni kitu cha kumshughulisha mikono na akili asikae kijiweni.

Asubuhi nilikuwa nimemwachia orodha ya majina. Nilipoingia ndani nikakuta sakafu imejaa vipande vya stika nyeusi. Herufi "a" na "o" hazikufunga: kisu kilianzia mahali fulani kikaishia pembeni yake, ikabaki nafasi. Pembe za "M" na "N" zilikuwa zimenyofoka. Zaidi ya mita mbili za stika zilikuwa zimeharibika.

"Shikamoo, mama," akasema.

Niliitikia kwa mdomo tu. "Umeiangusha hii mashine?"

"Hapana, mama. Kisu kinakata, ila ni kama hakigeuki kwenye kona."

"Usinifundishe. Jumapili niliitumia mwenyewe, ilikuwa nzima. Umeiharibu."

Nikakaa mezani kumwonyesha. Kwa akili yangu, kisu kilikuwa hakikati vizuri, kwa hiyo dawa ilikuwa kukiongezea nguvu. Mashine ilikuwa kwenye gramu 90. Nikaweka 120, kisha 150. Nikakitoa na kisu nje zaidi. Sasa kikawa kinapasua hadi karatasi ya nyuma, na stika ikaanza kukunjamana ndani ya mashine. Nilipogeuka, mwanangu alikuwa ameshaondoka. Alilala bila kula.

Ijumaa nikavuka tena kwenda mjini Mwanza, nikanunua kisu kipya. Kwenye kivuko nilikuwa napiga hesabu ya fedha niliyokwisha kuipoteza, na kichwani bado namlaumu mtoto. Nikarudi, nikakiweka kisu kipya, nikakata jina moja. Matokeo yakawa yale yale.

Hapo nikaishiwa maneno. Yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Naweza kukifungua, mama?"

Akalegeza kishikio cha kisu, akakitoa kisu, akapuliza ndani. Hakikutoka kitu. Akachukua sindano, akachokoa taratibu. Kikatoka kipande cha stika kidogo kama yai la chawa. Kilikuwa chekundu.

Yeye hakuwa amekata stika nyekundu. Alikuwa na nyeusi tu. Nyekundu niliikata mimi ile Jumapili, kwa ajili ya duka la dada yangu, na nilipomaliza nikazima mashine nikaondoka. Sikusafisha.

Akanieleza jambo ambalo angenieleza tangu Alhamisi kama ningemsikiliza. Kisu cha mashine hizi hakigeuzwi na mota. Kinajigeuza chenyewe, kama gurudumu la mbele la toroli ya dukani. Ncha yake haiko katikati kabisa. Iko nyuma kidogo, na kwa visu vingi umbali huo ni robo ya milimita. Mashine ikikivuta, ncha inafuata. Kikizuiwa na uchafu, kwenye mstari ulionyooka hutaona shida, lakini kikifika kwenye kona au duara kinaburuza. Ndiyo maana "o" haikufunga. Kumwongezea nguvu mtu aliyekwama hakumkwamui.

Kwa wazazi wenzangu wenye mashine kama hii nyumbani, haya ndiyo tuliyoyafuata Ijumaa ile usiku, na tunayafuata mpaka leo.

Kwanza, safisha kishikio na uhakikishe kisu kinazunguka bila kukwama. Halafu angalia kwenye programu kama ile robo ya milimita imewekwa sawa na kisu chako. Hiyo nayo ikikosewa, duara halifungi.

Pili, rudisha kisu ndani. Kinachotakiwa kutokeza ni ncha ndogo sana, ya kupita kwenye stika na kugusa tu karatasi ya nyuma. Shika kishikio kwa mkono, kivute juu ya kipande cha stika: ikikatika na karatasi ya nyuma ikabaki na alama nyepesi, inatosha. Ndipo urudi kwenye nguvu, uanze chini, upande kidogo kidogo.

Tatu, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Mimi nilibadilisha nguvu na urefu wa kisu kwa pamoja, nikawa sijui kipi kimeharibu. Kila baada ya badiliko, kata umbo dogo la majaribio, mraba wenye duara ndani. Unatumia stika ya ukubwa wa stempu badala ya mita mbili.

Nne, kwa herufi ndogo punguza mwendo wa mashine na uchague maandishi manene. Herufi nyembamba za mapambo zinavutia kwenye kompyuta, lakini kwenye kikombe zinabanduka. Kunjua stika ya kutosha kabla ya kuanza, ili mashine isivute roli zima na kwenda upande. Ukishakata, toa mabaki mapema, kwa kuyavuta taratibu huku umeyalaza. Ukiyaacha kwenye joto letu hili, gundi inashikana tena.

Mwisho, kikombe kifutwe kwa spiriti kikauke, maana mafuta ya mikono yanazuia gundi. Bandika kwa ile tepu pana ya karatasi, sugua kwa kadi ngumu, kisha vuta tepu kwa kuilaza.

Kabla hatujaanza cha kwanza, nilimwambia mwanangu, "Nisamehe, baba. Uliniambia ukweli, nikakuita mharibifu." Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo mkubwa hakumwomba mtoto msamaha. Akikosea, alikupikia chakula kizuri ukajua yameisha. Maneno yale yalinitoka kwa shida, na nilitazama mashine, si uso wake.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi, mama. Soma majina, muda unaenda."

Nikamsomea, yeye akakata, mimi nikabandika. Saa saba usiku vikombe 32 vilikuwa vimepangwa juu ya meza. Kimoja tu tulikirudia, na hicho ni kwa sababu niliruka herufi.

Jumamosi mwalimu alinishukuru mbele ya wazazi. Nikasimama nikasema kazi ni ya kaka yake, yule pale nyuma. Alitazama chini, lakini nilimwona akicheka.

Sasa tuna sheria nyumbani: anayemaliza kukata anasafisha kisu kabla ya kuzima mashine. Aliiandika mwenyewe kwa stika, akaibandika ukutani juu ya plota. Alitumia nyekundu. Sikumuuliza kwa nini.