Bando la Mama

Tovuti ya kwanza niliyomjengea mama, muuza dagaa wa Kibirizi, niliiandika kwa React, nikaijaza picha kubwa. Chuoni Dar es Salaam ilifunguka papo hapo. Kigoma, simu yake ilizungusha kiduara mpaka bando likaisha.

"Mwanangu, hii ni ya watu wenye intaneti," alisema, akigeuza dagaa juani.

Nilinyamaza. Bando lile alilinunua kwa pesa ya dagaa.

Usiku haukuwa na mwezi. Taa za wavuvi zilijaa ziwani. Nilifuta yote, nikaandika ukurasa mmoja wa HTML: bei, siku za mzigo, namba ya simu. Kilobaiti 4.

Asubuhi ulifunguka kabla hajamaliza kuniuliza kama nimekunywa chai.