Niliwapeleka Wageni Msimu wa Karafuu

Niliwapeleka wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Marekani kijijini Pemba kujitolea, na niliwapeleka wakati mbaya kuliko wote. Tarehe nilipanga mimi. Hakuna aliyenilazimisha wala aliyenidanganya.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, nafundisha Kiswahili ughaibuni, na safari ile nilikuwa nikiitamani kwa miaka. Chuo kilitaka iangukie likizo ndefu, kati ya Juni na Agosti, maana muhula ukianza hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kutoka. Tiketi zilitaka kulipiwa mapema, na idara nayo ilitaka ratiba kamili: asubuhi kufundisha Kiingereza, mchana kupaka rangi madarasa, jioni kukaa na familia. Nikajaza fomu, nikaandika Julai. Kwamba Julai karafuu huwa zimeanza kuchumwa nilijua tangu utotoni, ila nikaona wageni watapata cha kutazama.

Kisha nikampigia simu sheha wa kijiji. Nikamwuliza, "Mtatupokea?" Akajibu, "Karibuni, mwalimu, kwani nyinyi si wetu?" Mpemba gani atamwambia mtu wa kwao asije? Nilipaswa kuuliza wanahitaji nini, na lini. Sikuuliza.

Tangu dhoruba ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, zao hili limebebwa na Pemba, na msimu ukiingia kijiji kizima kinahamia kwenye mikarafuu. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Wachumaji wako juu ya miti na malipo yao ni kwa pishi. Usiku kina mama na watoto wanachambua karafuu na kutenga makonyo. Kukicha zinaanikwa, na jua likiwa zuri huchukua siku nne au tano mpaka ukiivunja moja isikike. Mvua ikitisha, watu wanakimbia kuanua. Zikilowa zinaota ukungu, na Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC) hununua kwa daraja.

Siku karafuu zilipolowa tulikuwa skuli. Darasani watoto walikuwa wachache, nami nikawa nawalaumu wazazi kimoyomoyo. Mama mmoja aliyewapa wanafunzi wetu chumba nyumbani kwake alikuwa uani pale pale skuli tangu alfajiri, anapika pilau, kwa sababu ratiba yangu ilisema siku ile zamu ya chakula cha mchana ni yake. Mvua ikaja kutoka upande wa bahari, ikapiga kidogo, ikapita. Kwake hapakuwa na mtu wa kuanua. Mumewe alikuwa juu ya mkarafuu, mbali. Binti zake nilikuwa nao mimi, wanakariri majina ya rangi kwa Kiingereza.

Tulimsindikiza kurudisha masufuria. Majamvi yalikuwa yanachuruzika. Alichuchumaa, akazigeuza karafuu kwa kiganja, akaokota moja akaikunja kati ya vidole. Ilipinda tu. Hakusema neno juu yake. Aliinua uso akaniuliza, "Wageni wameshiba, mwalimu?" Nikasema wameshiba. Nilikuwa nimeshika ratiba mkononi, jina lake limepigwa chapa, na saa mbele yake. Niliiandika nikiwa ng'ambo. Hakuna siku niliyomwuliza kama saa hiyo anayo.

Na nilishaonywa. Kabla ya kuondoka niliwasomesha wanafunzi hotuba ya mwanafikra Ivan Illich, aliyoitoa Mexico mwaka 1968 mbele ya vijana wa Kimarekani waliokuwa katika kazi kama hizi. Aliwasihi waachane na nia ya kusaidia: wakitaka kuja, waje kutazama na kujifunza. Tuliijadili vizuri, nikasahihisha insha zao, nikawapa alama. Ratiba ilikuwa kwenye mkoba huo huo.

Karafuu zile ziliuzwa daraja la chini. Yule mama alikataa fidia niliyompa. Baadaye aliipokea kwa mkono wa sheha. Fundi rangi wa kijiji, ambaye kazi ya madarasa ingekuwa riziki yake, hakupata kitu, na baada ya sisi kuondoka alilazimika kuzirudia kuta tulizozipaka vibaya. Naye nimemlipa, kwa kuchelewa.

Nawe pengine unapanga safari kama hii, ya chuo au ya kikundi cha marafiki, na kalenda iliyo mezani kwako ni ya wanaokuja. Mimi niliyezaliwa huko sikuitazama ya wenyeji.

Nimempigia sheha tena, safari hii kwa swali lenyewe. Alifikiri kidogo, akasema: "Njooni karafuu zikishauzwa, mwezi wa pili, na tuangalie kwanza Ramadhani inaangukia wapi. Rangi msilete, fundi tunaye. Leteni watu wa kukaa na kujifunza, na hela ya tangi la maji la skuli." Nimeiandikia idara hivyo hivyo. Wamejibu kwamba Februari inagongana na muhula. Kwa hiyo mwaka huu hatuendi, na hela ya tangi naichangisha.