Hela ya dharura haina shemeji

Nyie wenzangu mlioingia kwenye ndoa juzijuzi, hebu tuongee. Mtu ukimuuliza kajiandaaje kwa siku mbaya, anakujibu fasta: "Mbona niko kwenye kikoba!" Haya, hongera. Lakini hela ya kikoba huwa haikai, wamekopeshwa wanachama wenzio, na mgawo ni mpaka mzunguko uishe. Upatu nao vilevile: mtoto kaugua Machi, zamu yako Oktoba, utafanyaje? Mie vikoba nacheza na siachi, ila siviiti akiba ya dharura.

Ya kwetu ilipimwa mwaka 2020. Baba watoto alikuwa hoteli moja hapa Dar. Korona ilipoingia wageni wakakauka, na haukupita muda akarudi na barua. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema kiinua mgongo ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka kumi. Yeye alikuwa na miaka mitatu. Siku 21, jamani! Hata mwezi haziishi.

Kilichotubeba ni akaunti tuliyoanza kuilisha tangu tumeoana. Hatukuhesabu kwa milioni, tulihesabu kwa miezi. Tuliandika kwenye daftari: kodi, unga, mchele, gesi, luku, maji, nauli, dawa. Saluni haimo. Bia za wikiendi hazimo (alinuna wiki nzima). Jumla yake ndiyo mwezi mmoja, na sisi tulitaka minne. Kodi ndiyo kiboko, maana wenye nyumba wengi wa hapa mjini wanataka ya miezi sita kwa mkupuo, na barua ya kazi haiangalii kodi inaisha lini. Na akaunti yenyewe yeyote kati yetu anaweza kutoa, ili mmoja akilazwa mwingine asianze kubembeleza dirishani benki.

Njaa haikuwa mtihani. Mtihani ulikuwa ndugu. Wiki ya tatu tu mdogo wake akaja na kadi ya harusi ya Agosti.

"Shemeji, kaka aliahidi laki mbili."

Mume wangu akainama. Nikasema, "Shemeji, laki mbili zako zilikuwa zitoke kwenye mshahara, na mshahara haupo. Zilizopo ni za unga."

Akaondoka kavimba, na habari zikamfikia mama mkwe kabla hajapanda daladala. Usiku ule nyumba ilikuwa kimya. "Umenivua nguo mbele ya mdogo wangu," akaniambia. Sikubishana, nikamfungulia daftari. Laki mbili zilikuwa chakula cha watoto cha mwezi mzima. Akasoma, akafunga, akalala. Asubuhi akampigia mdogo wake mwenyewe.

Harusini tulikwenda. Yeye alibeba viti na maturubai, mie nilipika pilau mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Mama mkwe alianza kunisalimia vizuri baadaye kidogo.

Kazi nyingine aliipata Septemba, katikati hapo vibarua vya hapa na pale. Akauntini ulibaki mwezi mmoja na ushee. Siku hizi daftari lina ukurasa mwingine, tumeuita "Ndugu": elfu thelathini kwa mwezi. Zikiisha, zimeisha. Anayekuja baada ya hapo anasubiri mwezi ujao, hata akiwa mama yangu mzazi.