Tairi la Ndani

Nilipomaliza kidato cha nne sikuchaguliwa kuendelea. Nikawa utingo wa bredauni, nikijidanganya kwamba riwaya yangu itajiandika barabarani.

Kazi yangu ya alfajiri ilikuwa kupima upepo, matairi yakiwa bado baridi. Suka alinifundisha kuyasoma: kashata zikilika pembeni kote kuwili, upepo mdogo, zikilika katikati, umezidi. Ukishaninginiza pua ya gari bovu, usukani unakuwa mwepesi, maana uzito umeegemea nyuma. "Dogo, usisahau la ndani," alizoea kusema. "La nje kila mtu analiona."

Siku moja nilikuwa na sura ya tatu kichwani. Nikapima la nje. La ndani nikaligonga na spana mara moja, nikarudi kwenye daftari langu. Mchana, tukiteremka Mlima Kitonga na lori nyuma, pwaa! Pacha lake likabaki kubeba mzigo peke yake. Gari likayumba kuelekea korongoni. Suka hakukanyaga breki kwa pupa, alilibembeleza mpaka likasimama.

Akashuka, akagusa mpira uliokuwa unafuka moshi.

"Ulilipima?"

"Nililipima, bro."

Akaniamini. Tajiri alipouliza, suka akasema kosa ni lake, akakatwa pesa ya tairi kwenye mshahara wake.

Wenzangu mnaotaka kuandika, sura ile ya tatu niliichana. Suka sijamwambia mpaka leo. Nikipata nakala ya gazeti hili, nitampelekea mwenyewe.